Goti la Kulia la Mdogo Wangu

Mdogo wangu alipofikisha miaka minne, magoti yake yalikuwa yakigusana kila aliposimama wima, na nyayo zikabaki zimeachana. Hayakuwa matege. Matege nilikuwa nayajua, ni miguu iliyofunguka katikati kama upinde, na watoto wawili watatu wa pale ufukweni walikuwa nayo. Miguu ya mdogo wangu ilikuwa kinyume chake. Akikimbia, goti liligonga goti, na kuanzia hapo kwenda chini miguu ilirushwa pembeni, mpaka watoto wa jirani wakajua kumwigiza. Shangazi yetu, dada mkubwa wa baba, alisema magoti ya mtoto yule yanasalimiana. Kila aliyeingia uani kununua samaki aliitwa aje ayaone yakisalimiana.

Ninayoandika hapa ni habari za goti moja, la kulia. La kushoto lilinyooka lenyewe na sina la kusema juu yake.

Tulikuwa wageni Nchelenge, kando ya ziwa Mweru, ingawa baba alizaliwa pale. Alivuka ziwa akiwa kijana kwenda kutafuta kazi Elizabetivili, mji wa migodi wa ng'ambo, akamkuta mama katika kambi ya wafanyakazi wa mgodi, na sisi wawili tukazaliwa huko. Katikati ya miaka ya hamsini kifua chake kilianza kumsumbua, wakamwondoa kazini, akaturudisha kwao Mweru ili akaushe samaki kama ndugu zake. Nilikuwa na miaka tisa. Mama alikuwa mtu wa mji. Alijua Kiswahili cha kambini na Kiluba cha wazazi wake, na Kibemba hakukijua hata cha kuombea chumvi. Pale ufukweni Kiswahili kilikuwa lugha ya sokoni. Mitumbwi ikija kutoka ng'ambo watu walikizungumza mpaka samaki waishe, kisha kila mtu alirudi kwenye lugha ya nyumbani kwake. Mama hakuwa na lugha ya kurudia pale. Baada ya mwaka mmoja mimi nilikuwa nimeshika Kibemba shuleni na kwa wenzangu tuliochota nao maji, kwa hiyo kila alichotaka kusema kwa watu kilipitia kwangu.

Shangazi hakumtaka. Tangu zamani alikuwa amemchagulia baba mke mwingine, binti wa mjomba wao, ambaye wakati ule alikuwa ameachika na kurudi kwa wazazi wake Mununga. Mbele ya mama alizungumza Kibemba peke yake. Mama akimsalimia kwa Kiswahili, alinigeukia mimi na kuuliza, "Anasema nini mama yako?" Na kila wiki nilimsikia akibishana na wachuuzi wa ng'ambo kwa Kiswahili kisichokwama popote, akiwatania na kuwatukana kwa Kiswahili hichohicho.

Magoti ya mdogo wangu yalimpa neno la kusema. Alimwambia baba, mimi nikiwa nasikia, kwamba katika ukoo wao miguu ya namna hiyo haijawahi kuonekana. Alisema ni damu ya kambini, na mwanamke aliyezaa hivi mara moja atazaa hivi tena. Baba alikuwa mtu wa kusikiliza. Hakumkubalia wala hakumkatalia. Alisema mtoto apelekwe dispensari atazamwe, na shangazi aende nao kwa kuwa anaijua njia. Shangazi alikubali kwenda. Kutafsiri alikataa. "Mimi Kiswahili sikijui," alimwambia ndugu yake, na baba, aliyekuwa akimsikia sokoni kama sisi wote, alinitazama mimi.

Tuliondoka alfajiri, mama akiwa amembeba mdogo wangu mgongoni. Dresa, yaani mhudumu aliyetibu watu pale dispensari, alikuwa mtu mzima, mpole, mwenye koti jeupe lililofuliwa mpaka kola ikachanika. Alimlaza mtoto juu ya mkeka, akamnyoosha miguu, akageuza magoti yatazame juu, akayasogeza mpaka yakagusana. Kisha akaingiza vidole vyake kati ya vifundo vya miguu. Viliingia vinne.

"Mwambie mama yako asiogope," aliniambia kwa Kibemba. "Mtoto mchanga miguu yake hupinda kwa nje. Akishatembea hunyooka, halafu kwenye miaka mitatu, minne, magoti huingia ndani kama haya. Wengi hunyooka wenyewe kabla ya miaka saba. Haya si uchawi, na hayatoki kwenye damu ya mtu."

Nilimtafsiria mama neno kwa neno. Nilitafsiri kwa sauti, nikitaka shangazi asikie maneno ya damu yakikataliwa kwa lugha mbili. Mama alifunga macho kidogo, akayafungua.

Dresa akaonyesha mazoezi. Mtoto akae ameegemea ukuta, miguu imenyooka mbele, kitambaa kilichokunjwa kiwekwe kati ya magoti, kisha avute vifundo vikaribiane polepole, ahesabiwe mpaka kumi, alegeze. Alale ubavu, ainue mguu wa juu ukiwa umenyooka, ashushe bila kuutupa. Atembee kwa upande, kama kaa, kutoka pembe moja ya nyumba mpaka nyingine. Na akikaa chini akunje miguu mbele yake kama fundi nguo, asikae kama alivyozoea, makalio chini na miguu imetupwa huku na huku. Kila zoezi mara kumi, asubuhi na jioni. "Yanatia nguvu misuli ya nyonga na paja," alisema. "Hayanyooshi mfupa. Mfupa unajinyoosha wenyewe, kama una afya."

Halafu akarudi kwa mtoto, akaushika mguu wa kulia peke yake. Aliutazama kutoka nyongani mpaka kidole gumba. Akautazama wa kushoto, akaurudia wa kulia.

"Sasa sikiliza, hili ndilo kubwa," aliniambia. "Mguu wa kulia umeingia ndani kuliko wa kushoto. Umezidi kidogo tu, lakini umezidi. Miguu yote miwili ikiwa sawa, tunangoja. Mmoja ukimzidi mwenzake, hatungoji. Mleteni tena miezi miwili ikiisha, nipime. Na siku atakayosema goti linamuuma, acheni mazoezi siku hiyohiyo, mleteni, nitaandika barua aende hospitali."

Mama aliniuliza, "Anasema nini tena?"

Niligeuka nikamwona shangazi. Alikuwa amesimama mlangoni, bega limeegemea mwimo, na kwa mara ya kwanza asubuhi ile alikuwa ananitazama kwa makini. Niliona yote yatakayofuata. Niliona tukifika nyumbani, yeye akimwambia baba kwamba dresa ameukuta ugonjwa kwenye mfupa, na yule mwanamke wa Mununga akiletwa kuolewa kabla ya mvua.

"Anasema tufanye kila siku," nilimwambia mama. "Na asikae vibaya. Itaisha."

"Umemwambia yote?" dresa aliuliza.

"Nimemwambia."

Shangazi alikaza kitenge chake kiunoni, akasema kwa Kibemba twende, jua linapanda.

Njiani kote nilingoja afungue mdomo. Hakuufungua. Tulifika nyumbani, baba akauliza, mama akamweleza yale niliyomweleza, na shangazi akiwa pale pale akipepeta unga wa muhogo hakuongeza neno. Nilidhani amenihurumia. Siku ile nilimpenda, nikamchotea maji bila kuombwa.

Mama alikuwa na kazi ya samaki, na mihogo ya kuloweka, na kuni. Mazoezi alinipa mimi. "Weye njo ulisikia," alisema kwa Kiswahili chake cha kambini, ambamo "njo" ni "ndiye", "weye njo utamufanyisha." Wiki za kwanza nilifanya kama tulivyoonyeshwa. Tulicheza kaa kandokando ya ukuta, mdogo wangu akicheka, mimi nikihesabu. Miezi miwili ilipoisha nilijua kwamba imeisha. Nilijipimia mwenyewe kwa vidole vyangu, na kwa kuwa vidole vyangu vilikuwa vyembamba sikujua nilinganishe na nini. Nilijiambia nitangoja mwezi mmoja zaidi.

Shangazi aliendelea kuwaita wateja. "Bado yanasalimiana," alisema, akinitazama.

Nilitaka yaache kusalimiana haraka, kabla mtu hajauliza. Nikaongeza. Kumi zikawa ishirini, ishirini zikawa hamsini. Kisha nikabuni langu mwenyewe. Mchana, mama akiwa kwenye mihogo, nilimkalisha ukutani, nikaweka kitambaa kati ya magoti, nikavifunga vifundo pamoja kwa kipande cha kitenge kilichochanika, nikakaza mpaka vikagusana. Nilimwacha hivyo mpaka kivuli cha paa kifike mlangoni. Dresa hakusema mtoto afungwe. Hakuna aliyesema.

"Yaya, hapa kunauma," aliniambia siku moja, akiniita kwa neno la kambini la kumwita mkubwa wako. Aliweka kidole kwenye goti la kulia, upande wa nje.

Nimejaribu mara nyingi kujidanganya kwamba nilikuwa mtoto na sikuelewa. Nilielewa. Maneno ya dresa niliyakumbuka yote, mpaka leo nayakumbuka kama alivyoyapanga. Nilimjibu, "Kunauma kwa sababu wewe mvivu." Na kwa kuwa alianza kulia, nikaongeza kwamba akimwambia mama, hamsini zitakuwa mia.

Hakumwambia. Alikuwa mtoto msikivu. Mwaka mzima na zaidi alikaa ukutani akilia bila sauti, na mama akirudi alimkuta amekunja miguu kama fundi nguo, akanisifu mimi kwa kumfundisha.

Alipokaribia miaka saba mguu wa kushoto ulikuwa umenyooka. Mtu yeyote angeweza kuuona. Wa kulia ulikuwa umezidi kuingia, na sasa alipotembea ilibidi auzungushe kwa nje ili goti lisigonge lenzake, na mwili wote ukayumba. Hapo baba mwenyewe alisimama. Aliwapandisha mdogo wangu na mama kwenye lori la samaki, akaenda nao hospitali ya misheni, safari ya siku mbili, na mimi nikabaki na shangazi. Siku zile tulipika pamoja na kula pamoja. Hatukuzungumza juu ya goti.

Huko hospitali kulikuwa na muuguzi aliyejua Kiswahili. Mama hakunihitaji. Aliyoambiwa na daktari nimeyasikia kwake, kisha kwa baba, na baadaye sana kwa mdogo wangu, na yote yanalingana. Mahali mfupa unaporefukia, karibu na goti, palikuwa pameumia upande mmoja, labda kwa homa aliyougua akiwa mchanga, na upande ule ulikuwa haukui kama mwenzake. Mazoezi hayakuharibu mfupa, wala yasingeuponya. Kumfunga, maana huko mdogo wangu alisema kwamba alifungwa, kulimtesa bure. Angeletwa akiwa na miaka minne wangekuwa na miaka ya kuuongoza mguu ule wakati bado ni laini. Sasa ilibidi kungoja amalize kukua, kisha mfupa ukatwe na kupangwa upya, katika hospitali kubwa ambayo daktari aliitaja na baba hakuwahi kuijua iko wapi.

"Hakuna mtu aliyewaambia mmurudishe?" daktari alimuuliza mama kupitia kwa yule muuguzi.

"Hakuna," mama alijibu.

Siku hizi akina mama wa kanisani huniletea watoto wao. Imejulikana kwamba najua mambo ya magoti. Nawalaza juu ya mkeka, naingiza vidole kati ya vifundo, natazama mguu huu na huu. Nawaambia miguu ikiwa sawa wangoje, wamwache mtoto acheze na kukimbia, wasimfunge kamba wala mbao. Nawaambia mguu mmoja ukizidi, au mtoto akichechemea, au akilalamika, au akipita miaka saba bila kunyooka, wasikae nyumbani hata wiki. Wananishukuru, wengine huleta kuku. Hakuna aliyewahi kuniuliza nilijifunzia wapi.

Baba, mama na mdogo wangu walirudi kutoka hospitali siku ya jua kali. Mama alishuka kwenye lori, akaweka mzigo chini uani, na hata maji hakunywa. Alimwambia baba, mbele ya shangazi na mbele yangu, kwamba yule dresa ni mutu mubaya. Alisema aliwadanganya, aliwapa michezo ya kuruka kama kaa na ya kufunga miguu, na mutoto ameharibika, na akimwona njiani atamtemea mate.

Shangazi alikuwa akibangua karanga. Hakuinua kichwa. Alisema kwa Kiswahili, polepole, kila neno mahali pake:

"Dresa alisema. Alisema muguu moja unazidi, alisema mumurudishe kisha miezi mbili, alisema goti likiuma mumulete mbio. Mutoto wako njo hakukuambia."

Ilikuwa mara ya kwanza kumwambia mama neno kwa lugha ambayo mama aliielewa. Siri ile alikuwa ameitunza karibu miaka mitatu.

Mama alinigeukia. Baba naye. Mdogo wangu alikuwa amekaa juu ya mzigo, mguu wa kulia umetupwa pembeni, ananitazama kama anavyotazama mtu anayengoja kuambiwa afanye nini.

"Anasema uongo," nilisema.

Mama hakusita hata kidogo. Alimwendea shangazi, akamwambia yote aliyoyameza tangu tulipovuka ziwa. Alimwambia ni mchawi, ni tasa, ni mwanamke aliyekaa na lugha mdomoni kama nyoka ndani ya chungu, na kwamba amemlemaza mutoto mumoja na sasa anataka kumuua mwingine. Akaipindua kwa teke sinia ya karanga. Shangazi aliziacha zitawanyike. Alimtazama baba tu.

Neno tasa ndilo lililomaliza. Shangazi alikuwa amezika watoto wawili, na kila mtu pale ufukweni alijua, isipokuwa mama, kwa sababu hakuna aliyewahi kumwambia kwa lugha yake, na mimi niliyejua sikumtafsiria. Ndugu za baba walikaa kikao. Walimtaka mama aombe radhi. Mama alisema hawezi kumwomba radhi mtu aliyemsingizia mutoto wake. Baba alikohoa, akasikiliza, na mwisho akasema labda ni heri mama aende kwao kwa muda, mpaka mambo yapoe. Mimi nibaki nimalize shule. Mdogo aende na mama yake.

Asubuhi waliyoondoka mama alinishika uso kwa mikono miwili. "Mimi najua mutoto wangu," alisema. "Weye haukunidanganya hata siku moja." Niliitikia kwa kichwa. Bado kulikuwa na muda. Watu walikuwa hawajamaliza kupakia, na ningeweza kusema. Nilimwinua mdogo wangu nikamkabidhi kwa mama ndani ya mtumbwi, nikarudi nyuma maji yasinilowanishe.

Mambo hayakupoa. Kabla mwaka haujaisha yule mwanamke wa Mununga alikuwa jikoni kwetu, mtu mwema kwa kweli, aliyenilea vizuri. Shangazi aliishi mpaka uzee. Nilipokuwa mkubwa, baada ya mazishi ya baba, nilimuuliza kwa nini alinyamaza siku ile kwa dresa. Nilimwambia mtoto alikuwa wa ndugu yake, damu yake.

"Na wewe kwa nini ulinyamaza?" aliniuliza. "Mimi nilikuwa simpendi mama yako. Wewe ulikuwa unampenda."

Hakusema kwa ubaya. Alitaka kujua. Kisha aliniomba nimsogezee mkeka kwenye jua.

Mama alifariki ng'ambo katika miaka ya vurugu za kule, na habari zilitufikia zikiwa zimechelewa miezi. Mdogo wangu hakuwahi kukatwa mfupa. Alijifunza kushona kwa cherehani ya mkono, maana ya miguu ilimshinda, akaolewa, akaachwa, akazaa mtoto mmoja mwenye miguu iliyonyooka kabisa. Alikuja kunitembelea Nchelenge nikiwa na watoto watano. Alitembea na fimbo, na nyonga nayo ilikuwa imeanza kumuuma, kwa sababu mwili ulikuwa umeyumba miaka yote ile.

Siku ya nne ya kukaa kwake nilimwambia. Tulikuwa tunaparua samaki, yeye kwenye kigoda, mimi chini. Nilimwambia yote, maneno ya dresa kwa mpangilio wake, shangazi mlangoni, kile kipande cha kitenge, mtumbwi. Aliendelea kuparua mpaka nikamaliza.

"Mama alikuwa ananiambia," alisema, "nikikulaumu kwa kule kunifunga, ananiambia, yaya yako alikuwa anakupenda, alifuata maneno ya dresa. Yaya yako hasemi uongo. Mpaka anaumwa mara ya mwisho alisema hivyo."

"Nisamehe," nilisema.

Alisuuza kisu, akakiweka. "Mama amekufa na wewe ukiwa msafi. Sasa mimi nafanya nini na hii? Umeibeba, umechoka, umeniletea. Mimi nina ya kwangu ya kubeba." Aliligonga goti lake la kulia kwa ncha ya fimbo.

Alikaa siku nyingine sita, kama alivyokuwa amepanga. Aliwashonea wanangu nguo, akacheka nao, akala nilichopika. Siku ya kuondoka nilimsindikiza mpaka majini. Maji yalikuwa ya magotini na mtumbwi ulikuwa umejaa, naye alisimama kando yake akitafuta mahali pa kuweka mguu. Nilimpa mkono apande. Alimpa fimbo mwenye mtumbwi, akashika mkono wa huyo mwenye mtumbwi, akapanda.